Duara na Mundu: Shajara ya Nembo ya Wazazi wa Selimundu

Aprili 5

Nimeipokea kazi leo mchana. Kikundi cha wazazi wenye watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Mwanza, wanaokutana kila mwanzo wa mwezi katika darasa la kuazima, wanataka nembo. Wako pamoja miaka kadhaa na hawajawahi kuwa na alama yoyote. Barua zao zina jina lililoandikwa kwa biki. Wakienda kuzungumza shuleni, kanisani au msikitini, wiki ya pili hakuna anayewakumbuka. Wanabaki kuitwa "wale wa ugonjwa wa watoto". Wanataka nembo iwe tayari kabla ya Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani.

Sitawatoza. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na selimundu na alitutoka akiwa na miaka tisa. Nyumbani tulizoea kusema ana "homa ya mifupa", kwa kuwa hakuna aliyetupa jina jingine. Nimeliandika hapa mara moja ili lijulikane, kisha niendelee na kazi.

Masharti ni ya mwenyekiti, mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, na anayejua hesabu kuliko mimi. Rangi iwe moja tu, maana fulana ya rangi mbili unalipia skrini mbili za kuchapia. Ifae kuwa muhuri. Ionekane hata ikitolewa kopi ya kopi. Mimi nimeongeza sharti la nne: mzazi yeyote aweze kuichora ardhini kwa kijiti bila kuangalizia popote.

Aprili 9

Kabla ya kuchora nimeona nijue ninachokichora. Muuguzi anayekisaidia kikundi amenipa saa nzima baada ya zamu yake, na nimetoka na kurasa sita za daftari.

Chembe nyekundu ya kawaida ya damu ni duara lililobonyea katikati, laini, inajikunja na kupita kwenye mishipa myembamba. Huishi siku 120 hivi. Chembe yenye selimundu, ikipungukiwa na oksijeni, hujipinda ikawa kama mundu, ikakakamaa, ikanasa. Damu ikizibwa hapo ndipo maumivu yanapoanza: mifupa, kifua, tumbo, na kwa watoto wadogo vidole vinavimba. Chembe hizo huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu kila wakati. Baridi, homa na kukosa maji huamsha maumivu. Nilikumbuka mdogo wangu alivyokuwa akilia kila tulipotoka kuoga ziwani, nasi tukimwambia anadeka.

Halafu akanieleza urithi. Mtoto huugua akipata kinasaba cha selimundu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe mara nyingi ni wazima, kila mmoja ana kinasaba kimoja tu, huitwa wabebaji. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Wengi hudhani maana yake ni kwamba wakizaa wanne, mmoja ndiye ataugua na watatu wamepona. Sivyo. Kila mimba ni sarafu mbili zinazorushwa upya.

Nimemuuliza kwa nini sisi wa kanda ya ziwa tuna wagonjwa wengi hivi, maana bado wapo majirani wanaosema ni laana ya ukoo. Jibu lake nimeliwekea mstari. Mbebaji mwenye kinasaba kimoja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona kuwa wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache nyanda za juu ambako mbu ni haba. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Kwa hiyo kinasaba hiki kilibaki kwetu kwa sababu kiliwaokoa babu zetu na malaria. Tanzania hukadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Watu wa ukoo mmoja wakimnyooshea kidole mke wa mtu kwamba ndiye aliyeleta ugonjwa, wanasema uongo kisayansi, na wanamuumiza mtu aliyekwisha kuumia.

Aprili 12

Nimechora kurasa kumi na moja na kuzitupa zote. Tone la damu: kila kampeni ya kuchangia damu inalo. Moyo: umechoka. Viganja viwili vilivyokinga kitu: nimehesabu mabango matatu yenye viganja kati ya kituo cha daladala na ofisini kwangu Makoroboi, na siwezi kusema hata moja ni la nani.

Nimeziweka mezani alama za kijamii zilizodumu, nione zina nini. Utepe mwekundu wa UKIMWI ulibuniwa New York mwaka 1991 na kundi la wasanii. Ni kipande cha utepe, mkunjo mmoja na pini, basi. Walikusudia usiwe mali ya mtu, ili kila mwenye utepe na pini aweze kuutengeneza nyumbani. Alama ya amani aliichora Gerald Holtom mwaka 1958 kwa duara na mistari michache, akichukua ishara za bendera zinazosimamia herufi N na D, za Nuclear Disarmament, yaani kuondoa silaha za nyuklia. Mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Panda wa WWF, shirika la uhifadhi wa wanyamapori, tangu 1961, ni mweusi na mweupe, na hilo lilipunguza gharama za uchapaji. Mwenyekiti wangu angewaelewa vizuri sana.

Ila iliyonikalia zaidi ni ile ya kiti cha magurudumu. Susanne Koefoed, mwanafunzi kutoka Denmark, aliichora mwaka 1968, na mchoro wake ulikuwa kiti kitupu. Karl Montan akaongeza duara juu yake. Duara moja tu, na kiti kikawa mtu. Nimelala nikiwaza hilo.

Aprili 14

Nilifika asubuhi na wazo la mundu. Jina la ugonjwa lenyewe limeubeba mchoro: seli, mundu. Nikachora mundu mmoja mwekundu, bila mpini, mzuri kweli. Nikausogeza mbali na macho, nikaona kosa langu.

Hiyo ni Hilali Nyekundu. Ilianza kutumiwa na Waosmani katika vita vya miaka ya 1870 mahali pa Msalaba Mwekundu, na leo zote mbili zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Katika vita alama hizo humwambia askari asipige risasi hapo; ndiyo maana hazikuachwa zitumike ovyo. Najua maduka mengi ya dawa yamechora msalaba mwekundu ukutani na hakuna anayewauliza. Mimi sitaongeza kosa jingine. Nyekundu imeondoka kwenye kazi hii kuanzia leo, hata kama ni ugonjwa wa damu.

Pia mundu peke yake unaonyesha ugonjwa tu. Nikaweka duara pembeni yake, chembe nzima na chembe iliyopinda, zikisimama kama jirani wawili. Angalau sasa kuna maelezo ya kitabibu. Nitaipeleka hivyo kwenye mkutano wa Mei.

Mei 3

Mkutano. Watu ishirini na kitu, mvua imenyesha mpaka saa nne, madawati yamesogezwa yakafanya mraba ili wote waonane.

Nilipandisha karatasi juu, nikaeleza duara na mundu. Kimya. Kisha mama aliyekaa karibu na dirisha akasema taratibu, bila hasira: "Kaka, mundu sisi tunavunia mpunga. Mwanangu si mpunga."

Sikuwa na la kujibu. Baba mwingine akaongeza kuwa kwa mbali alama ile inafanana na mwezi, na kikundi kina Waislamu na Wakristo; watu watauliza ni cha dini gani. Mwingine akakumbuka nyundo na mundu za Urusi ya zamani. Wote walikuwa sahihi. Nikaomba karatasi izunguke kwa mikono ili kila mtu aseme lake, nami nikaanza kufikiria kurudi mwanzo kabisa.

Karatasi ilipofika upande wa pili, bibi mmoja anayemlea mjukuu wake aliipokea kama ilivyomfikia, imegeuka ubavu. Kwake mundu ulikuwa umelala chini, ncha zikitazama juu, na duara limekaa juu yake. Akaitazama kwa muda mrefu. Akauliza: "Sasa huyu mtoto kabebwa na nani?"

Nilisimama nikaenda kuangalia kutoka mahali alipokaa. Mbeleko. Kitambaa kimevutwa chini ya makalio ya mtoto, kimepinda vilevile, na kichwa kimetokeza juu. Maumbo ni yaleyale mawili, sikuwa na cha kuongeza. Chembe iliyopinda ndiyo imekuwa kitambaa, na chembe nzima ndiyo kichwa. Nilikuwa nimeichora mwenyewe na sikuiona, kwa sababu tangu Aprili nilikuwa naitazama kama maelezo ya maabara.

Bibi amebaki na swali lake bila jibu. Nimeliandika juu ya ukurasa mpya: kabebwa na nani?

Mei 6

Kipimo. Nafanya kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, kwa kuwa ni ya bure, na kikundi kitaweza kulifungua faili hata mimi nisipokuwepo.

Mundu ni duara la milimita 60 lililokatwa na duara la milimita 52. Kila kitu kinategemea umelisogeza lile la kukatia juu kiasi gani. Kwa milimita 6 mundu ni mwembamba na mrefu, unamzunguka mtoto mpaka mabegani. Duara la mtoto ni milimita 40, na kati yake na mundu nimeacha nafasi ya milimita 4. Kisha mchoro wote umeinamishwa nyuzi 25, maana mtoto wa mgongoni hakai wima kama chupa mezani.

Mei 12

Jaribio la barabarani, Makoroboi. Namwonyesha mtu nembo kwa kuhesabu mpaka tatu, naificha, nampa kipande cha mkaa na boksi lililochanwa achore alichokiona na aniambie ni nini. Wauza vitenge, mpiga pasi, vijana wa bodaboda, mama ntilie na wateja wake. Watu kumi na wawili.

Kuchora, wote wameweza. Kutaja, wanne tu walisema mtoto. Wengine: yai kwenye kiota, jicho, chungu, embe kwenye sahani. Mpiga pasi alinisaidia bila kujua: "Kama ni mtoto, mbona amezama?"

Kweli. Kichwa kilikuwa kimepita ncha za mundu kwa milimita 2 au zaidi kidogo. Hakuna mama anayemfunga mtoto akazama hivyo, atakosa hewa.

Mei 14

Nimesogeza duara la kukatia hadi milimita 14. Mundu umekuwa mfupi na mnene, tumbo lake milimita 18, na kichwa sasa kinatokeza milimita 17 juu ya ncha. Mtu anaona uzito: kuna aliyekaa, na kuna kitambaa kilichovutika kwa sababu yake. Nimerudi Makoroboi na watu kumi na wawili wengine. Tisa wamesema mtoto kabla sijamaliza kuuliza. Wawili wamesema mtu kwenye mtumbwi. Mmoja hakujua.

Mei 17

Kikao kidogo nyumbani kwa mwenyekiti, watu saba. Leo nimejifunza mambo mawili ambayo hakuna kitabu cha usanifu kingenifundisha.

La kwanza lilitoka kwa binti wa miaka kumi na sita, mgonjwa mwenyewe. Aliitazama nembo akasema: "Shikamoo, kaka. Ni nzuri. Lakini mimi sitaivaa. Mtaani mbeleko ni upendeleo. Timu ikibebwa na refa wanasema ina mbeleko. Na mimi shuleni wananiambia nabebwa kwa sababu nikiumwa sipigi deki." Mama yake akataka kumnyamazisha, nikamwomba amwache. Nilimwambia wa Makoroboi waliona mtumbwi. Akaigeuza karatasi mpaka mundu ukalala sawa, bila kuinama, akaitazama. "Hapo sawa," akasema. "Huyo anapiga kasia mwenyewe."

Tumekubaliana hivi: neno mbeleko haliandikwi popote, wala kubebwa. Nembo ya kikundi inabaki imeinama. Fulana za vijana zitakuwa na nembo ileile iliyolala sawa. Walimu wangu wa usanifu wangekataa kwamba nembo iwe na mikao miwili, na kwa kampuni ya benki wangekuwa na haki. Hapa aliyekataa ni mwenye ugonjwa, na neno lake limepita la mwalimu.

La pili. Nilisema nina wasiwasi kuwa mbeleko ni ya mama, na sisi tunapigana na watu wanaowatupia mama lawama zote. Labda tuongeze mundu wa pili, wa baba. Nilikuwa nao tayari kwenye karatasi, miundu miwili imelikumbatia duara kutoka pande mbili, inaonekana kama mabano.

Baba mmoja, fundi wa mitumbwi, ambaye mikutano miwili yote hakuwa amefungua mdomo, akasema tusiongeze. Akasimulia. Usiku mmoja wa mvua mtoto wake alishikwa na maumivu ya kifua, pikipiki haikupatikana, mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Alichukua khanga ya mkewe, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda naye kilima cha Bugando kwa miguu. "Watu walinitazama," akasema. "Hospitali walituandika mimi na mke wangu wabebaji. Neno hilo liliniuma mwaka mzima, nililiona kama nimeshtakiwa. Sasa bibi anauliza kabebwa na nani. Na sisi wabebaji. Sisi wote wawili."

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mimi nimefuta mundu wa pili. Katika nembo hakuna sura ya mama wala ya baba, kuna kitambaa na mtoto tu, na pengo hilo sasa naliona ni zuri kuliko chochote ambacho ningeweza kulijazia.

Mei 22

Rangi. Nilikuwa na sampuli za zambarau, kijani na hudhurungi, nimezipanga ukutani siku tatu. Zote nimeziacha kwa sababu ya pedi ya wino. Pedi za muhuri zinazopatikana kila duka la vifaa vya shule ni za buluu. Biki ya kila mtoto ni ya buluu. Nembo ikiwa buluu iliyokoza, basi muhuri, kalamu na fulana vitatoa kitu kilekile, na hakuna atakayeiona kama nakala hafifu ya kitu halisi kilichoko mahali pengine.

Mei 27

Muhuri wa kwanza, upana wa milimita 12. Umeharibika. Wino umejaza nafasi kati ya mtoto na mundu, vikagandana vikawa kama kijiko. Fundi mihuri alinionya nami nikambishia, nimemlipa na kumwomba radhi. Nafasi imetoka milimita 4 hadi 6 kwenye mchoro mkubwa, na muhuri umekuwa wa milimita 25. Umetoka safi kwenye karatasi laini, kwenye jalada la daftari, hata kwenye boksi. Kopi ya kopi ya kopi, mpaka ya tano, bado mtoto anaonekana.

Juni 7

Mkutano umeipitisha. Mjadala haukuwa juu ya mchoro tena, ulikuwa juu ya mahali pa kuupiga.

Wazo ni la mwalimu mmoja aliye mzazi: karatasi ndogo ya kubandika kwenye daftari la mtoto, yenye nembo na mistari mitatu kwa walimu. Mruhusu anywe maji na aende chooni anapohitaji. Asikae kwenye baridi wala mvua. Akipata homa au maumivu makali, tupigie simu mara moja. Mambo hayo matatu yanaokoa maisha na hayamgharimu mwalimu chochote. Mtoto wa selimundu hunywa maji mengi na kukojoa mara nyingi. Anayekatazwa kutoka darasani ataacha kunywa, na usiku wake ni maumivu.

Baadhi walitaka karatasi ikae nje ya jalada ionekane. Mama wa mpunga, samahani kwa kumwita hivyo ila ndivyo ninavyomkumbuka, akasema nje ni kumpiga mtoto chapa kama ng'ombe. Wamebishana nusu saa kwa heshima. Uamuzi: inakaa ndani, nyuma ya jalada la mwisho, na mtoto mwenyewe aulizwe kwanza. Mwalimu atajua; mwenzake wa dawati atajua akiambiwa na rafiki yake.

Juni 19

Walikwenda shule mbili. Mimi niliwabebea bango. Muuguzi alichora sarafu mbili ubaoni, akaeleza. Fundi mitumbwi alizungumza na wanafunzi wa darasa la saba, safari hii kwa sauti. Mwishoni mwenyekiti aliomba anayeikumbuka nembo aje aichore. Wakaja wengi kuliko chaki zilizokuwepo. Mmoja alimwekea mtoto macho na tabasamu, nikaacha.

Juni 23

Yaliyobaki. Nimekabidhi faili zote pamoja na karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili: vipimo vitatu, nyuzi 25, nafasi ya 6. Nimeandika pia kuwa kikundi chochote cha wazazi wa selimundu, popote, kiichukue bila kuniuliza na bila kulipa, ila kisiichape kwa nyekundu, na sababu nimeieleza.

Binti wa miaka kumi na sita ameagiza fulana nne za wenzake, mundu umelala sawa. Mwalimu mkuu wa shule mojawapo ametuma ujumbe akiomba muhuri ubaki shuleni kwa sababu wamegundua wana watoto watano, walidhani ni mmoja. Muhuri uliopo ni wa mwenyekiti na hautoki mkobani mwake. Kesho asubuhi napita kwa fundi mihuri kuagiza wa pili.